Shangazi anauza mbwa ambao hawajaacha kunyonya, na mimi ndiye ninayesimama kaunta

BARUA

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 23, naishi Mbeya mjini. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na tangu hapo aliyenilea ni shangazi, dada yake baba. Amenisomesha mpaka kidato cha nne, na sasa anamlipia mdogo wangu ada ya chuo. Nayatanguliza haya ili usidhani namsema vibaya mtu ambaye bila yeye sijui leo ningekuwa wapi.

Shangazi ana duka upande wa Mwanjelwa. Lilianza kama duka la pembejeo na dawa za mifugo: chakula cha kuku, vifaranga wa kuagiza, dawa za minyoo, pampu za kupulizia. Baadaye akaongeza sungura na simbilisi, maana huku kwetu wanatoka. Kisha akaingiza mbwa. Watu wanajenga sana Isyesye, Iwambi na Uyole, na kila anayemaliza geti anataka mbwa wa kizungu wa kulinda. Mbwa mmoja anaingiza faida ambayo mifuko ya pumba haiingizi kwa wiki nzima.

Shida yangu ni umri wao. Dalali huwaleta kwa basi kutoka njia ya Makambako na Iringa, ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Mama, wengine macho ndiyo kwanza yamefunguka, bado yana ukungu wa bluu. Wanatembea tumbo likiburuza chini. Ukiwafungua wanakuja kunyonya kidole chako. Dalali anasema wana mwezi na nusu. Wakifika mezani kwetu, shangazi anamwambia mteja wana miezi miwili. Yaani umri unaongezeka kutoka kwenye boksi hadi kaunta.

Jioni tukifunga, wanabaki peke yao mpaka asubuhi. Baridi ya Juni na Julai ya hapa unaijua. Mara nyingine nikifungua mlango nakuta mmoja amekauka, wenzake wamemlalia. Shangazi anasema, "Hao ni dhaifu, hata mama yao angewaacha wafe." Ananiambia nimtupe, nifagie, boksi lilelile linangoja mzigo mwingine. Yeye huandika kila kitu kwenye daftari la mauzo, hata kibiriti, ila waliokufa hawaandikwi popote.

Kilichonifanya nikuandikie ni baba mmoja aliyekuja na mtoto wake wa kike, bado yuko na sare ya shule. Walinunua mmoja mweupe mwenye madoa. Wiki haikuisha wakarudi mikono mitupu. Mbwa alitapika, akaharisha damu, akafa. Shangazi akawaambia wamemlisha vibaya, akawapa mwingine kutoka boksi lilelile. Yule mtoto akaniangalia mimi, si shangazi, akauliza, "Dada, mama yake yuko wapi?" Nikajifanya natafuta chenji.

Sasa hivi wale wanaoonekana wamelegea nawachukua usiku naenda nao chumbani kwangu. Nawapa maziwa ya ng'ombe na sukari kidogo. Wengine wanaharisha. Waliokua kidogo wananing'ata vidole, meno yao kama sindano, lakini hilo halinisumbui.

Rafiki yangu wa kwaya anasema niende kwa afisa mifugo nikaseme. Jirani ananicheka: watoto wa watu wanalala njaa, wewe unalilia mbwa. Mdogo wangu nilipomgusia alisema, "Kwa hiyo unataka nirudishwe nyumbani kwa ajili ya mbwa?" Tangu siku hiyo sijamwambia mtu mwingine.

Nimshtaki aliyenilea? Niache kazi? Au ninyamaze, nijifunze kuzoea kama wengine?

Muuzaji, Mbeya

JIBU

Marahaba binti yangu. Pole, na asante kwa kuandika kwa upana hivi, maana umenipa mambo ambayo wewe mwenyewe huenda hukuona kwamba umeyatoa.

Nikuelewe vizuri kwanza. Kuna wanyama wanaouzwa kabla ya wakati wao na wanakufa mbele yako. Kuna mama wa pili katika maisha yako ambaye ndiye anayewauza, na ada ya mdogo wako imefungwa kwenye duka lilelile. Halafu kuna jambo la tatu, ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi: anayetazamwa na mteja ni wewe. Uongo anausema shangazi, lakini uso uliopo kaunta ni wako.

Habari ya jirani tuimalize haraka. Kumhurumia mnyama hakumpunguzii mtoto yeyote ugali. Tena katika kisa chako kuna mtoto wa mtu, yule mwenye sare, na kuna fedha ya baba yake iliyokwenda bure. Usione aibu.

Sasa niulize kitu. Unaandika kana kwamba shangazi anajua anachofanya na hajali. Inawezekana. Lakini huyuhuyu anauza vifaranga wa siku moja, na nina hakika kila mteja wa vifaranga anaondoka na maelekezo: washa jiko au taa kabla hawajafika, wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 hadi 35, ziba upepo. Hawezi kuthubutu kuacha boksi la vifaranga usiku wa Julai bila joto, kwa sababu anajua asubuhi atakuta hasara. Kwa nini basi anaacha mbwa? Vifaranga huja na maelekezo kutoka kwa wazalishaji, mbwa huja na maneno ya dalali tu. Tena mbwa ana manyoya, anaonekana kama kiumbe aliyekamilika. Simbilisi nao wanatudanganya hapo: wao huzaliwa na manyoya, macho wazi, na muda si mrefu wanatafuna majani, ingawa nao wanahitaji kukaa na mama yao wiki tatu hivi. Aliyezoea simbilisi akiona mbwa mwenye macho wazi anadhani amekwisha kuwa tayari.

Hayuko tayari. Mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi, macho hufunguka kwenye siku ya 10 hadi ya 14. Katika majuma ya mwanzo mwili wake hauwezi kujitengenezea joto la kutosha. Joto lake ni tumbo la mama na ndugu zake. Akipata baridi, hata ukimpa chakula tumbo halikifanyii kazi, na sukari ya mwilini inashuka upesi. Ndiyo maana unakuta mmoja amekauka na wenzake wamemlalia. Usichukue neno la shangazi kwamba wanaokufa ni wale dhaifu. Wengine wao, wangeachwa wakae na mama yao, wangekuwa leo wanabweka kwenye geti la mtu.

Yule aliyeharisha damu ananipa picha nyingine. Mimi si daktari wa mifugo na sikumwona, lakini kutapika na kuharisha damu kwa mbwa mchanga ambaye hajachanjwa humfanya daktari afikirie kwanza pavo, ugonjwa wa virusi unaoua haraka. Ukimwingia, dalili huchukua kama siku 3 hadi 7 kujitokeza, kwa hiyo mteja anaweza kuondoka na mbwa anayecheza akiwa tayari ameubeba. Virusi vyake ni vigumu kufa. Hukaa sakafuni na kwenye udongo miezi mingi. Ufagio haviujui. Boksi lililobeba mgonjwa likipokea mzigo mpya, mzigo mpya umepewa ugonjwa. Na yule wa pili aliyepewa baba wa watu kutoka boksi lilelile, akapelekwa kwenye ua uleule ambao wa kwanza alihara, unaona mwenyewe alikopelekwa.

Kinga ya kwanza ya mbwa hutoka kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya siku ya kuzaliwa. Hiyo hupungua taratibu, kwa mwingine ikiisha katika wiki ya sita, kwa mwingine hata ya kumi na sita, na ndiyo sababu chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Kama mama hakuwahi kuchanjwa, au mtoto hakunyonya vizuri siku ile, dalali amekuletea mnyama asiye na ngao yoyote. Lakini hamwezi kujua, kwa sababu hakuna kati yenu aliyemwona mama.

Swali la yule mtoto, binti yangu, ni swali zuri kuliko yote yaliyowahi kuulizwa kwenye kaunta hiyo. Uingereza walilifanya kuwa sheria: tangu Aprili 2020, kwa upande wa England, duka au dalali haruhusiwi kuuza mbwa au paka wa chini ya miezi sita, mnunuzi anakwenda kwa mfugaji mwenyewe, na anamwona mtoto akiwa na mama yake. Ufaransa maduka hayaruhusiwi kuuza mbwa na paka kabisa tangu Januari 2024. Sisemi Mbeya ni London. Nasema tu kwamba wenzetu wenye maduka yenye vioo na taa waligundua tatizo lilelile la boksi lenu la sabuni.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana kuna sentensi umeipitia kama mtu anayeruka dimbwi. Umesema wanakung'ata na halikusumbui. Mimi limenisumbua kuliko yote. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi mitatu. Hao wako hawajafika huko, na mama zao hamjui kama walichanjwa au waling'atana na mbwa gani. Mtoto wa mbwa naye anaweza kuwa nacho. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo kila jino linalotoboa ngozi, hata kama ni mzaha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali wakueleze kama unahitaji chanjo. Kwa waliokwishakung'ata, nenda wiki hii ukawaeleze ilivyokuwa. Kama kuna aliyekufa ghafla akiwa anatoka mate, au hawezi kumeza, au alibadilika tabia, hilo usilipime kwa shukrani kwa shangazi. Linakwenda kwa afisa mifugo na hospitalini siku hiyohiyo. Hapo tu ndipo nitakuambia bila kusitasita.

Mengine yote ni ya kupima, na kila njia ina mwiba wake.

Kwenda kwa afisa mifugo ni haki yako, na si umbeya. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama pasipo sababu ni kosa. Lakini ukishafungua mlango huo, huamui wewe nani apite. Huenda mtaalamu akaja kwa upole, akaelekeza kuhusu joto, usafi na umri. Huenda mambo yakawa makubwa. Na mji huu ni mdogo. Shangazi atajua ni nani. Kuna njia ya katikati ambayo rafiki yako wa kwaya hakuitaja: kumwomba afisa mifugo wa kata apite dukani kama anavyopita kwingine, azungumzie chanjo na usafi wa wanyama wanaouzwa. Hilo linaweza kufanyika shangazi akijua kabisa, tena akikaribisha, kwa kuwa duka la dawa za mifugo linalofisha mbwa lina sifa ya kupoteza.

Kuacha kazi kutakusafishia mikono. Kesho yake boksi litafika vilevile, ila chumba cha kuwachukua usiku hakitakuwepo. Sisemi hiyo ni sababu ya kubaki. Huwezi kuwa dawa ya duka zima. Nasema tu uondoke ukijua unaondoka kwa ajili ya nafsi yako, na hiyo nayo ni sababu halali. Kuhusu mdogo wako, jiulize pia kama shangazi kweli angekata ada kwa sababu yako. Umechukulia hivyo, naye amechukulia hivyo, lakini katika barua yako yote sioni mahali ambapo shangazi amewahi kutamka neno hilo. Hofu ya watoto waliolelewa na ndugu naijua: mtu anaishi kama mgeni anayeweza kuambiwa afungashe. Inawezekana unamwona shangazi kwa hofu hiyo kuliko kwa matendo yake.

Kuzoea, ulivyouliza mwisho, unaweza. Watu huzoea. Sidhani kama uliandika kurasa zote hizi kwa sababu unataka kuzoea.

Mimi ningependa kusikia umezungumza naye kabla ya lolote. Si kaunta, si mbele ya dalali. Usianze na dhambi, usianze na huruma, maana atasikia unamhukumu na atakukumbusha darasa la tano. Anza na daftari. Kwa muda fulani andika kwenye karatasi yako mwenyewe kila aliyeingia na bei aliyonunuliwa, aliyekufa, aliyerudishwa, aliyetolewa bure kufidia. Shangazi anaandika hata kibiriti. Mtu wa namna hiyo akionyeshwa hasara kwa tarakimu hawezi kuiacha ipite. Huenda mkakuta faida ya mbwa ni ndogo kuliko anavyodhani. Huenda pia mkakuta bado ni kubwa hata ukitoa waliokufa, na hapo utakuwa umepoteza hoja yako nzuri, kwa hiyo jiandae kwa hilo pia.

Akikusikiliza, kuna pa kuanzia. Dalali aambiwe duka halipokei wa chini ya wiki nane, na msimamo huo msiuachie mdomo wake: mfungueni mbwa kinywa. Meno ya utoto huanza kuchomoza kwenye wiki ya tatu au ya nne, na mpaka wiki ya nane huwa yametimia, 28. Fizi tupu na macho ya ukungu ni mtoto wa kurudishwa kwa mama yake, akiwa bado yupo wa kurudishwa kwake. Mwiba wa hapa ni kwamba dalali anaweza kuwapeleka kwa mwingine asiyeangalia meno, au kuwatupa njiani. Hilo siwezi kukuficha.

Njia nyingine, ambayo inalifuata swali la mtoto, ni kuacha kuwaweka dukani kabisa. Mteja aandikishe oda, shangazi awe na wenye mbwa anaowafahamu hapa hapa Mbeya, mbwa akae na mama yake mpaka wiki ya nane, achanjwe, apewe dawa ya minyoo ambayo kwa kweli huanza akiwa na wiki mbili, kisha mteja aende kumchagua huko akimwona mama. Shangazi anachukua kamisheni yake na kuuza chakula na chanjo. Anayetaka mbwa wa ulinzi atapata aliyejifunza kwa mama na ndugu zake kung'ata kwa kiasi, maana mbwa aliyetolewa mapema mara nyingi hukua mwoga, na mbwa mwoga hung'ata wageni wa mwenye nyumba. Hatari yake ni ya kibiashara: mteja akishajua kwa mwenye mbwa, mara ya pili hapiti dukani. Shangazi ataliona hilo kabla hujamaliza sentensi, basi uwe na jibu.

Wakati mnaendelea kuzungumza, boksi la kadibodi lililobeba mgonjwa lichomwe. Sakafu ioshwe kwanza uchafu utoke, kisha ipitishwe jiki, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, ikae dakika kumi. Usiku wawekewe chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa, na nafasi ya kusogea mbali nayo wakizidiwa na joto. Kwa wale unaowalea chumbani, acha maziwa ya ng'ombe. Lactose yake, yaani sukari ya asili ya maziwa, ni nyingi kuliko ya maziwa ya mbwa na ndiyo mojawapo ya mambo yanayowaharisha. Muulize daktari wa mifugo akuelekeze maziwa mbadala ya mbwa wachanga, na mlishe akiwa ameshapata joto, amelala kifudifudi, si chali kama mtoto wa binadamu, asije akapaliwa.

Na siku mteja atakapokuuliza umri wao kabla hujazungumza na shangazi, huna haja ya kuchagua kati ya kumwaibisha na kusema uongo. Unaweza kusema, "Mimi sikuwaona wakizaliwa. Mtazame meno." Shangazi atakusikia ukisema hivyo, na huenda mazungumzo yenu yakaanzia hapo, mapema kuliko ulivyopanga, akiwa amekasirika. Yakianza hivyo, mwache amalize. Kisha umletee ile karatasi.